Marehemu wa Droo ya Saba

Haya, kitendawili. Mbona mmekaa kama mliomeza maji? Itikieni. Basi nimetega: amekufa mara nne, hajazikwa hata mara moja.

Jua? Jua huzama, halifi, na hakuna anayelililia. Mwezi? Umekaribia, lakini mwezi hauna mama. Mshumaa? Wacha utani wewe. Mmeshindwa, basi nipeni mji. Huo sitaki, huo hata maji hauna. Na huo nilishapewa na watoto wa juzi, sijajua niuweke wapi. Nipeni nchi nzima. Ahsanteni. Nimekwenda, nimefika, nimekaa, nimekula vya watu, nimerudi na jibu. Ila jibu lenyewe ni refu, kaeni vizuri.

Nchi mliyonipa haina jina. Ilikuwa nalo, likapelekwa kutengenezwa, halijarudi mpaka leo, kwa hiyo wenyewe wanaiita Huko. Ukimuuliza mtu anatoka wapi, anakwambia "Huko," kisha anatazama chini. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina Mlezi wa Taifa, ambaye amewalea watu wake mpaka wamezeeka mikononi mwake. Mtu asije akadhani naisema nchi nyingine. Naisema Huko.

*

Mambo yalianzia mguuni. Mlezi wa Taifa aliugua jongo, ule ugonjwa wa watu wanaokula nyama kila siku, madaktari wakamlaza miezi miwili mbele ya televisheni. Akawa anatazama michezo ya upelelezi ya nchi za mbali. Mtu anauawa. Daktari wa maiti anafika na miwani myeusi, anaokota unywele mmoja, anautia kwenye mashine, mashine inalia pii, jina la muuaji linatoka pamoja na picha yake na mahali anapokunywa chai. Dakika arobaini na tano tu, na humo humo mna matangazo ya sabuni.

Mlezi akamwita Mchunguzi Mkuu wa Vifo, Daktari Nyamawi, mzee mmoja mtaratibu aliyezoea kunusa kabla ya kusema.

"Nyamawi, wewe maiti mmoja unakaa naye muda gani?"

"Inategemea, Mtukufu. Majibu ya damu ni wiki sita. Ya sumu huzidi."

"Na hawa wa kwenye televisheni?"

"Hawa ni waigizaji, Mtukufu. Unywele hautoi jina la mtu. Unywele unatoa kazi nyingine ya miezi mitatu. Na mara nyingine unafanya yote hayo, mwisho unaandika: haijulikani."

"Haijulikani?" Mlezi alishtuka mpaka mguu ukapona. "Katika nchi yangu kuna kitu hakijulikani?"

Kesho yake Daktari Nyamawi akapelekwa mikoani kuchunguza vifo vya kuku, na inasemekana kuku wa huko wanamheshimu. Idara ya Vifo ikaozwa kwa Wizara ya Habari. Ikazaliwa Wizara ya Habari, Burudani na Vifo, na waziri wake akawa Mheshimiwa Kisandu, mtu mwenye sauti ya tarumbeta na shingo ya kuitosha.

Kisandu hakulala. Maabara ya taifa ikazibwa madirisha, taa nyeupe zikang'olewa, zikatiwa za buluu, kwa sababu kwenye televisheni maabara huwa giza. Wataalamu wakawa wanatafuta damu kwa tochi saa sita mchana, jua limewaka nje. Mmoja alikanyaga koti lake kwenye ngazi, akaanguka akafa mbele ya wenzake kumi. Ilichukua dakika arobaini na tano kamili kugundua kwamba aliuawa na mke wake, ambaye siku hiyo alikuwa safarini kwa mamaye.

Mashine nayo ikaundwa. Kubwa kama kabati la bibi harusi, taa tisa mbele, na tumboni mwake neno moja tu: IMEPATIKANA. Ukitia unywele, imepatikana. Ukitia uzi, imepatikana. Siku moja mtu alisahau andazi juu yake, ikampata mwenye duka wa wilaya ya pili. Yuko jela mpaka leo. Hana kinyongo na mashine, ana kinyongo na andazi.

Mahakimu nao wakaagizwa kwamba mshtakiwa aanze kulia dakika ya arobaini na tatu, asichelewe.

Ikabaki nafasi ya Mchunguzi Mkuu. Nani apewe? Kisandu akaona asihangaike. Huko kulikuwa na mchezo wa televisheni wa serikali ulioitwa Droo ya Saba, na humo mwigizaji mmoja mrefu, Chaurembo, alikuwa anacheza Daktari Makali, mchunguzi asiyeshindwa. Basi akateuliwa Chaurembo mwenyewe. Aliapishwa na miwani yake myeusi. Yeye alidhani ni sehemu ya mchezo, akaapa vizuri sana, watu wakatoa machozi. Aliporudi nyumbani akamkuta dereva wa serikali mlangoni, ndipo akajua kwamba ameapa kweli.

*

Mchezo wenyewe ulikuwa unapigwa picha mochwari ya kweli, hospitali kuu ya serikali. Shida ikawa waigizaji wa kufa. Mmoja alipiga chafya ndani ya droo. Wa pili alikoroma. Wa tatu, Daktari Makali ameshamfunika na ameshasema maneno yake mazito, akauliza kama kuna shuka la pili.

Mheshimiwa Kisandu akaitisha mkutano. Huko makofi hupigwa kwanza, hotuba hufuata, ili watu wasipate taabu ya kusikiliza. Yakapigwa, naye akasema:

"Ndugu wananchi! Katika mochwari yetu mna droo thelathini na mbili, na ndani yake wamo wananchi thelathini na wawili wasiofanya lolote kulijenga taifa. Ni kweli hawali. Lakini baridi yetu wanaitumia! Kuanzia leo, marehemu yeyote asiye na mwenyewe ni mtumishi wa Wizara. Hachelewi kazini. Haombi likizo. Hasahau maneno. Nauliza, ni mtumishi gani hai anaweza kusimama hapa akasema hayo?"

Hakuna aliyesimama.

Mtauliza, ilikuwaje watu thelathini na wawili wasiwe na wenyewe? Wenyewe walikuwapo, wamekaa nje ya lango. Lakini lango lilifunguliwa kwa mwenye kibali, na kibali kilitolewa ndani.

*

Sasa nimlete Bi Kazija.

Alikuwa anakaa mtaa wa Mferejini, ambao mfereji wake ulikauka zamani likabaki jina. Kazi yake kuosha maiti wa kike. Miaka thelathini ameosha mabibi, mama na mabinti wa mtaa ule, akawajua wafu kwa mkono kama wewe unavyojua unga uliokolea maji. Mumewe alishatangulia. Alikuwa na mwana mmoja, Shekue, wa miaka ishirini na minne, fundi viatu.

Ufundi huo ulikuwa na sababu. Ukoo wa baba yake wote kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimepanda juu ya mwenzake, kama mtoto aliyebebwa mgongoni, na wote walikuwa wanavaa viatu kwa ugomvi. Shekue akasema yeye atajishonea vyake vya amani.

Jumanne moja vijana wa Mferejini wakachukua ndoo tupu wakaenda Ofisi ya Maji kuuliza, kwa adabu kabisa, mabomba yanangoja nini. Jioni redio ikasema vijana walipokelewa vizuri, wakatawanyika kwa furaha. Ndoo zilirudi kesho yake. Zililetwa na lori la manispaa, zikamwagwa uwanjani zimepondeka. Ndoo tu. Waliozibeba hawakurudi.

Bi Kazija akaenda kituo cha polisi.

"Ametawanyika," akaambiwa.

"Ametawanyikia wapi, baba?"

"Mama, nimekwambia kwa furaha."

Akaenda hospitali, akakuta lango. Akaenda Ofisi ya Maji, akaambiwa siku ile walikuwa wamefunga, na kama walikuwa wamefunga nani angeuliza swali? Wiki tatu akawa anazunguka hivyo. Usiku akipika, anapika kwa watu wawili.

Ijumaa ya nne, saa kumi na moja jioni, akaingia kwa jirani yake Bi Zena kurudisha mbuzi ya nazi. Zena alikuwa na televisheni, na televisheni ilikuwa kwenye Droo ya Saba. Daktari Makali akavuta droo. Ikatangulia miguu.

"Zena, punguza sauti."

"Sauti inakuzuia nini kuona?"

"Punguza nimwone."

Zena akapunguza. Bi Kazija akapiga magoti mbele ya kioo, mbuzi ya nazi bado mkononi.

"Huyu mwanangu."

"Astaghfirullah! Kazija, vidole vya hivyo ni vingi duniani. Huyo mwigizaji, dada. Mwisho wataandika jina lake."

"Mtu anayejifanya amekufa hukaza kope, Zena. Huyu kope zimelegea tu, nusu wazi. Wala hakuna aliyemfunga taya, kinywa hicho kiko wazi, mwanangu mimi. Na tumboni wamempaka poda. Unaona pale poda ilipokwisha? Ule weusi ni damu iliyotulia. Damu ya maiti hushuka upande wa chini kama maji. Huyu amelala kifudifudi saa nyingi ndipo akaokotwa."

"Lakini wanasema ni tajiri, ameuawa na mkewe kwa mto. Kitandani. Amelala chali."

"Wao wanasema. Damu haikusema hivyo."

Mwisho wakaandika majina yote, mpaka la aliyepika chai. La marehemu halikuwamo.

Ijumaa iliyofuata alitokea tena, wamembandika masharubu. Akawa mwalimu aliyeumwa na nyoka wa kutumwa. Ijumaa ya tatu akawa bwana harusi aliyekula biriani yenye sumu. Ya nne wakampaka mvi, akawa jambazi mzee aliyesalitiwa na wenzake. Kila Ijumaa Bi Kazija alifiwa. Majirani wakawa wanakuja na mikeka saa kumi na mbili, wanampa pole, wanakaa kidogo, wanaondoka, wiki ya pili wanarudi. Kuna mmoja akauliza, si kwa ubaya, arubaini yake itahesabiwa kuanzia kifo cha ngapi.

Hapo jibu la kitendawili mmelipata. Msijifanye mlijua.

*

Bi Kazija akavaa kanga zake za heshima, akaenda Wizara ya Habari, Burudani na Vifo. Akamkuta karani, binti mzuri aliyekuwa akipiga mihuri bila kuangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumchukua mtoto wangu, yuko droo ya saba."

"Ni mhusika au mwigizaji?"

"Ni marehemu."

"Marehemu hapa si cheo, mama. Mhusika ni dirisha la tatu, mwigizaji la tano."

"Amelala mochwari kwenu, mwanangu. Nataka akaoshwe azikwe."

Karani akafungua jalada. Kumbe jalada lilikuwapo, tena safi. Akatoa cheti cha kifo.

"Umebahatika, mama. Wengine hata sababu moja hawana, wa kwako ana nne. Mto, nyoka, biriani, usaliti. Chagua moja uweke dole gumba."

"Nichague?"

"Wengi wanapenda nyoka. Nyoka hana lawama."

"Mimi nauliza kitu kimoja. Mwanangu kafa vipi?"

"Ndiyo nakwambia uchague, mama yangu. Au ungoje, wiki ijayo huenda akapata ya tano nzuri zaidi. Kumtoa haiwezekani, mkataba wake ni mpaka mwisho wa msimu."

"Mkataba ametia saini nani?"

Karani akageuza karatasi. Palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, imekandamizwa kwa nguvu mpaka karatasi imebonyea. Binti akaitazama, akamtazama Bi Kazija, akalifunga jalada haraka kama aliyejikata.

Wakati huo Mheshimiwa Kisandu akapita na watu wake. Bi Kazija akasimama njiani.

"Mheshimiwa, mwanangu kafa vipi?"

Kisandu akafurahi. "Mmesikia? Mmesikia swali hilo? Huu ndio uzuri wa Droo ya Saba! Inamfanya mwananchi wa kawaida kabisa aulize. Endelea kutazama, mama, endelea kutazama." Akampa mkono, akapigwa picha, akaenda zake.

*

Maneno hayakai ndani. Zena alimwambia shemeji yake, shemeji akasimulia kisimani, na kwa muda mfupi nchi nzima ikajua. Ijumaa saa kumi na moja njia zikawa tupu. Maduka yalifungwa. Kina mama walikaa pua kwenye kioo, na hakuna aliyemtazama Daktari Makali. Walitazama nyuma yake, ukutani, kwenye droo zilizoachwa wazi kidogo kwa ajili ya uzuri wa picha. Kisigino. Sikio. Pindo la shati. Mmoja aliona mkono wa kushoto tu, na tangu siku hiyo akawa anaupakulia sahani. Waume walipotaka kubadilisha, wapate mpira, waliambiwa kwa upole, "Usizime. Mtoto yuko humo."

Kisandu akaletewa takwimu. Watu tisa katika kila kumi! Akatangaza kwamba hakuna taifa duniani linalopenda sanaa kama Huko, akaongeza mchezo ukawa mara mbili kwa wiki, na akaagiza watu wawaage watoto wao vizuri wanapotoka nyumbani, maana Wizara inapanuka.

Lakini ndani ya mochwari mambo hayakuwa sawa. Mpiga picha ndiye aliyeona kwanza. Mwanzoni marehemu wote walikuwa wanatazama dari. Mwezi wa pili vichwa vikawa vimelegea upande wa kamera. Wakaviweka sawa kwa vitambaa. Asubuhi wakavikuta vimegeuka tena, vyote thelathini na viwili, upande ule ule. Wakamwita Waziri.

"Wameanza kuizoea kamera," akasema Kisandu. "Huo unaitwa uzoefu kazini."

Chaurembo naye, watu waliona kwamba kabla ya kuvuta droo alikuwa ananong'ona, "Samahani, kaka." Kwanza walimwomba aache, maana kipaza sauti kinanasa, kisha wakazoea. Hawakujua kwamba nyumbani kwake mambo yalikuwa hivyo hivyo. Alikuwa hawezi kuvuta droo ya jikoni bila kuomba radhi, na akiivuta anaivuta polepole, uso ameugeuzia ukutani. Mwisho akaacha vijiko, akawa anakula kwa mkono. Mkewe akamuuliza unaogopa nini kwenye vijiko? Akasema, "Vinanitazama."

*

Ikaja Sikukuu ya Malezi. Kisandu akaamua kwamba siku hiyo, adhuhuri, kipindi cha mia cha Droo ya Saba kitarushwa moja kwa moja, na Mlezi wa Taifa mwenyewe atatazama akiwa ameweka mguu juu ya mto. Marehemu mkuu atakuwa wa droo ya saba, kwa sababu ndiye aliyependwa zaidi. Na kwa mara ya kwanza atakuwa na mama.

Akatafutwa wa kuigiza mama wa marehemu. Walijitokeza wanawake mia mbili. Wengi hawakuwa na haja ya kuigiza, walitaka tu kuingia ndani. Bi Kazija alikuwa wa kumi na tatu. Mwongozaji wa mchezo, bwana mwenye skafu shingoni kwenye joto lile, akamkalisha kitini.

"Bibi, mwanao amekufa. Lia."

Bi Kazija akatazama mikono yake. Akakaa hivyo.

"Bibi, unalia au unafikiri?"

"Ndivyo ninavyolia."

"Mama aliyefiwa halii hivyo! Hujawahi kumwona mama aliyefiwa?"

"Nimewaona. Nimewaona wengi."

"Wanafanya nini?"

"Wengi huuliza chumvi iko wapi. Mwingine huanza kufua."

Mwongozaji akacheka mpaka skafu ikateleza. "Chumvi! Haya, nenda salama, bibi. Hukuzaliwa na kipaji." Akamchukua mwanamke mmoja mpana wa kifua, aliyejua kuanguka kwa namna tatu.

Siku ikafika. Mochwari ikapambwa. Taa za buluu zikawashwa, droo zote thelathini na mbili zikavutwa wazi kwa ajili ya utukufu wa taifa, na mashine ikaletwa katikati kama mgeni rasmi. Yule mwanamke wa kuanguka akaingia, akaambiwa amshike marehemu mkono kwa mazoezi. Akamshika. Akasimama kidogo. Hakuanguka hata kwa namna moja. Alikimbia, akapita mlangoni, akapita langoni, kiatu kimoja kikabaki.

Zimebaki dakika nane. Mwongozaji akatoka nje anapiga kelele, akawakuta wale wanawake wengine wamekaa chini ukutani, tangu alfajiri, kimya.

"Wewe! Bibi wa chumvi! Inuka upesi. Usilie, usifanye lolote. Una neno moja tu: 'Daktari, mwanangu kafa vipi?' Utalikumbuka?"

"Nalikumbuka."

"Lirudie!"

"Nimelirudia sana, baba. Twende."

*

Ikalia kengele. Kule Mferejini Bi Zena aliweka televisheni dirishani, na mtaa wote ukakaa barabarani.

Daktari Makali akaingia na koti lake na miwani yake. Akasema yale maneno mazito, kwamba wafu hawamfichi kitu. Akaokota unywele uliowekwa tayari, akautia kwenye mashine. Bi Kazija alikuwa amesimama kando ya droo ya saba. Walikuwa wamemfuta Shekue mvi na kumbandua masharubu, wamempaka poda mpya, na kwa mara ya kwanza alikuwa na sura yake mwenyewe. Mama yake akaiangalia kuanzia juu hadi chini kama mtu anayesoma barua. Kisha akauliza:

"Daktari, mwanangu kafa vipi?"

Mashine ikalia pii. IMEPATIKANA.

Jibu la Daktari Makali lilikuwa limeandikwa: "Mama, mwanao ameuawa na wivu wa rafiki." Maneno saba tu. Chaurembo akafungua kinywa kuyasema, akainua macho, na akaona kwamba vile vichwa havikutazama tena kamera. Vilikuwa vimemgeukia yeye.

"Ame..." akasema.

"Wivu!" akanong'ona mwongozaji.

"Wivu!" akanguruma Kisandu nyuma ya kamera, kwa sauti yake ile ya tarumbeta, na nchi nzima ikasikia. "Sema wivu, wewe!"

Chaurembo hakusema. Wakatia tangazo la sabuni, sabuni ikatoa povu, ikaisha, wakarudi, wakamkuta vile vile, jasho limeingia chini ya miwani. Nje wanawake wa ukutani walikuwa wamesimama.

Bi Kazija akachana pindo la kanga yake. Akapitisha kitambaa chini ya kidevu cha mwanawe, akafunga utosini, taratibu, taya ikakaa. Akamfumba macho kwa kiganja. Haikuwamo katika mchezo. Mpiga picha alipaswa kuisogeza kamera pembeni, lakini alikuwa analia, hakuona.

Kisha akamgeukia yule mtu mrefu mwenye koti. Hakumwita daktari.

"Mwanangu," akasema, "wewe umekaa naye siku zote hizi kuliko mimi. Sikuulizi kwa ajili ya televisheni. Kafa vipi?"

Chaurembo akavua miwani. Watu hawakuwahi kumwona macho. Yalikuwa madogo, ya mtu ambaye hajalala tangu aapishwe. Nyuma yake Waziri alikuwa anatafuta waya wa kuchomoa, na waya zilikuwa nyingi, na giza lile la buluu alilitaka mwenyewe.

"Risasi, mama," akasema Chaurembo. "Ya mgongoni. Alikuwa anakimbia. Wote hawa, hizi droo zote, ni mgongoni. Ndiyo maana siku zote tunawalaza chali."